Mita Moja Kutoka Jikoni

Kaka yangu mpendwa,

Mkaguzi wa majengo alisema jana asubuhi, mbele ya Baba na mimi, kwamba hesabu yako ya tangi la maji ilikuwa sahihi. Unisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, isipokuwa Mama. Nyonga iliyovunjika imeanza kuunga, lakini bado anatembea kwa magongo na kuyatukana kila hatua.

Mkaguzi alipima kifusi cha uani kwa saa mbili, bila kukubali hata kiti. Baba hajaruhusu kiguswe tangu siku tangi lilipoanguka. Anakiita ushahidi dhidi yako. Mkaguzi alisema boriti za chuma ni nzima, hazikupinda. Kilichovunjika ni nguzo ya jikoni, ile ya zamani ya matofali. Tangi lililojaa lina tani mbili. Lingekaa katikati ya boriti za mita nne, kama ulivyochora, nguzo ya jikoni ingebeba tani moja na ya stoo tani moja. Lakini alama za kulehemu miguu ya tangi ziko mita moja tu kutoka jikoni. Hapo nguzo ya jikoni ilibeba tani moja na nusu, na ya stoo ikabaki na nusu tani. Pembeni ya mchoro uliandika kwamba nguzo ile isibebeshwe zaidi ya tani moja na robo.

Baba hakuhitaji karatasi. Mchukuzi wa miaka thelathini anajua mambo hayo kwa bega. Ndiye aliyetufundisha kubeba ndoo mzegamzega, ikining'inia kwenye mti mabegani mwetu wawili, akisema mzigo haumjui mkubwa wala mdogo, unamjua aliye karibu. Alikaa juu ya tofali, akasema basi ulilisogeza mwenyewe kwa uvivu wa kuunga bomba. Alivyokuita baada ya hapo sitaandika. Mtaani wewe bado ni Fundi Bomoa, na muuza mkaa huwauliza wateja kama wamevaa kofia ngumu kabla ya kupita kwetu.

Barua yako ya Jumatatu inasema hupati kazi, na kwamba utasaini kukubali kosa, hata halmashauri ikikufungia ufundi, ili Baba akuruhusu kumwona Mama. Unasema labda kweli ulikosea. Hukukosea. Usisaini.

Siku ya kufunga tangi ulikuwa umesafiri. Pale katikati lilikuwa likitia giza dirisha langu, nami nashona kwa mwanga wa dirisha lile. Nikamwambia fundi bomba alisogeze kuelekea jikoni. Alisita, akasema dada, mwenye hesabu ni kaka yako, mimi ni mtu wa maji tu. Nikamjibu kwamba nimekuuliza na umekubali. Sikuwa nimekuuliza. Lilijaa mara ya kwanza Ijumaa ile, likaanguka, Mama akiwa jikoni anasugua sufuria.

Hospitalini Baba alikutaja wewe kabla sijafungua mdomo, na mdomo sikuufungua tena. Hata utotoni, kwenye mwinuko, ulipotangulia mbele nilikuwa nikiisukuma ndoo kwa kidole ielekee kwako. Nadhani ulijua.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Hakunitukana. Aliomba magongo yake, akatoka chumbani kwangu anakolala tangu aumie, na hadi sasa hajaniomba hata maji. Baba hajui bado. Fundi bomba amekubali kuja kushuhudia, na nimeomba niwe wa kwanza kusema.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mengine nitayasema kwenye kikao cha halmashauri, Alhamisi saa tatu asubuhi, chumba namba sita, Baba akiwa amekaa kiti cha mbele.

Mdogo wako,
mshonaji