Sauti ya Mama Iliyofungiwa

Masuguru,
Korogwe.
9 Agosti 2003

Mpendwa mdogo wangu Mhina,

Assalaam alaykum, na salamu za nyumba nzima zikufikie huko India. Masomo yanakwendaje, na kile kifua kimepoa? Sisi miili ni mizima, ila mioyo bado iko matangani. Wifi yangu Munira yumo ndani anamkalia kaka eda. Mahindi ya shamba la Misima yameungua na jua, hata usiulize.

Ulipopiga simu dukani kwa Simeo uliniusia tusiiguse kompyuta ya marehemu kaka Mustafa. Nilikuelewa kwa akili zangu za cherehani: ile programu aliyoiandika mwenyewe, iliyofungia hadithi za Kizigua alizomrekodi marehemu mama, huweza kufumuliwa kama gauni, uzi kwa uzi, mpaka uone fundi alikataje. Ila ukasema kaka aliitega: ukikosea neno la siri mara tatu, inafuta kila kitu.

Mhina, wallahi nilisema. Siku ya arobaini baba mkubwa Semboja alikuja na wazee wenzake, akataka kumsikia mama, shemeji yake. Nikamweleza habari ya mtego. Akanicheka, akasema neno la nyumba hii wazee ndio wanalijua. Basi tukaenda kwa umri, kama tunavyonawa mikono. Yeye akatoa jina la babu. Mzee Mdoe akatoa la mama. Wa tatu akataja ukoo. Mimi ndiye niliyebonyeza herufi, maana macho yao yamechoka, na ningewakatalia vipi wakubwa mbele za watu?

Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Kwenye kioo yakatokea maneno ya kaka mwenyewe: "Muulize Mustafa."

Baba mkubwa alivua kofia. Tukaenda kula pilau.

Jioni nilimpelekea Munira uji. Akaniuliza taratibu, "Wifi, mbona mimi hamkuniuliza?"

Neno la siri alikuwa nalo. Alimwona mumewe akiliandika kila alipofungua. Lakini mwenye eda hatoki barazani kwa wanaume, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kusimama mlangoni kwake.

Sasa mashine haiulizi neno tena. Wewe unayejua kufumua uko mbali, na baba mkubwa ameapa haitoki humu mpaka eda iishe. Kama kuna uzi uliobaki ndani sijui. Huyo ndiye mama aliyekulea na wewe, na sauti yake sina pengine pa kuisikia. Nimechoka, mdogo wangu. Mashine nimeifunika kwa kanga ya mama, basi.

Baba mkubwa anakusalimu, pia Simeo na mama mdogo Naima. Munira anakusalimu sana. Amesema nikuandikie lile neno, ingawa halifungui kitu tena. Ni jina lako, Mhina.

Mola akutunze ugenini na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye, dada yako,
Zamda