Besi ya Kinanda na Wazee wa Sauti ya Nne

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika hadi miguuni. Ila moyo wangu mweupe leo, na wiki nzima haukuwa hivyo.

Nianze na dhambi yangu. Jumapili iliyopita nilijiona fundi.

Kwaya ya Kikwe, kwaya iliyonilea, walinipa wimbo wao wa Pasaka niurekodi kwenye chumba changu cha Sombetini, kile chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi. Walitaka mdundo wa kompyuta, maana tangu hizi redio za watu binafsi zianze mjini, wimbo usiotikisa haupigwi. Nikawaambia kutikisa niachieni mimi. Spika zangu ni ndogo, besi ya kinanda haitoki vizuri, basi nikawa naiongeza. Nikaongeza tena. Siku ya kuwasikilizisha, baada ya ibada, tukaupiga kwenye spika kubwa za kanisa.

Madirisha yalilia. Vijana wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Wanaume wanne wa sauti ya nne, wale wanaoimba chini kabisa, walibaki kwenye benchi lao, mikono mapajani. Kisha Mzee Anaeli, aliyenifundisha kuimba kabla sijaota ndevu, akaniuliza kwa upole:

“Elia, mimi niko wapi hapo?”

Hakuwepo. Kinanda kilikuwa kimemmeza yeye na wenzake watatu.

Jumatatu jioni Mwalimu Ruthi, anayeiongoza kwaya, akanipigia simu. Wazee wote wanne hawakufika mazoezini. Walituma ujumbe kwamba kama ipo mashine inayoimba sauti ya nne, basi kwaya imeshapata mtu, wao wapumzike. Na Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Ruthi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kinachoniuma ni kwamba nilifanya vile kwa mapenzi. Mimi mwenyewe ni mtu wa sauti ya nne, niliimba na wazee hao miaka mingi mpaka mashine zikaninyang’anya jioni zangu. Kwa hiyo nilipopiga besi niliweka karatasi yao ya solfa mbele yangu, nikapiga kinanda kwa kuifuata, do kwa do, fa kwa fa, nisiruke hata moja. Nilidhani nawaheshimu. Kumbe nimewakalia mapajani.

Jumanne nikaipunguza besi. Wazee wakasikika, lakini wimbo ukapooza kama chai iliyosahaulika mezani. Nikairudisha, nikapandisha sauti za wazee. Zikawa kelele. Jumatano nikafunga mlango, nikapiga magoti kati ya nyaya. Kuombea besi, najua mtu atacheka. Lakini nani mwingine ningemwambia?

Nilipoufungua mlango, jibu lilikuwa pale nje, linachambua maharage. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ameusikia wimbo ule mpaka umemchosha. Akasema bila kuinua macho:

“Kinanda chako na wale wazee wanaongea kwa wakati mmoja. Ndivyo mlivyolelewa kwenu Kikwe?”

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, nikarudi kwenye kiti.

Nilikunja ile karatasi ya solfa nikaiweka mfukoni. Nikajiona kama nimetoka nje bila viatu. Nikapiga besi upya. Wazee wanapotembea na maneno, kinanda kinashika noti moja tu, chini kabisa, kule ambako koo la binadamu halifiki. Wazee wanapovuta pumzi, ndipo kinanda kinatembea. Kisha nikakipunguzia ule uzito wa kati, pale pale zinapokaa sauti za wanaume, ili wapate pa kukaa.

Ikabaki kiki, ile ngoma ya chini inayopiga dum dum. Nayo ilikuwa inagombana na besi. Nikaielekeza kompyuta kwamba kila kiki inapopiga, besi iiname kidogo, halafu inyanyuke. Kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Nilipousikiliza wimbo nilishangaa: besi ilikuwa ndogo kuliko ile ya Jumapili, lakini ikaonekana kubwa zaidi.

Safari hii sikuziamini spika zangu. Nikachoma sidii, nikaisikiliza kwenye redio ya jikoni, halafu kwa jirani mwenye saluni, ambaye spika zake mtaa mzima tunazijua. Kote wazee walikuwepo.

Asubuhi ya leo Ruthi akaja, na nyuma yake Mzee Anaeli, akiwa na koti lake la mvua na buti za shambani. Hakutaka kuja, Ruthi alimbembeleza njia nzima. Nikampa shikamoo, akaitikia kifupi. Mama Neema akampa kiti na chai. Nikabonyeza.

Ubeti wa kwanza hakunitazama. Wa pili, buti moja ikaanza kugonga sakafu. Wa tatu akaimba, pole pole, juu ya sauti yake mwenyewe. Ruthi akageukia dirishani kama anaangalia mvua.

Wimbo ulipokwisha mzee akanywa chai yote kwanza.

“Sasa kinanda umekiziba mdomo mno,” akasema. “Kiongeze kidogo. Nacho kimsifu Mungu.”

Nikakiongeza, unywele mmoja tu. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema wale watatu atawaambia yeye mwenyewe, na Jumatatu watakuwa mazoezini. Alipokuwa anavaa koti akaniuliza kama nami nitakuwepo, maana kwenye benchi lao kuna nafasi moja ambayo tangu niondoke hawajawahi kumpa mtu.

Miaka yote hiyo. Na mimi nilidhani wamenisahau.

Sasa niko mjini, kwenye duka la kompyuta za intaneti, naandika haya. Asante Bwana. Nitakwenda, ila nauliza: koo langu bado lipo? Nimejaribu ile do ya chini hapa hapa kitini, kwa siri. Dada wa mapokezi amenyanyua kichwa kunitazama.

Ipo. Ina kutu, lakini ipo.