Mlango wa Nyuma kwa Mjomba Zahoro

Mbotela, Nairobi
14 Machi 1979

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na bibi anakula vizuri. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Usishtuke kuona anwani ya Mbotela, nitakueleza.

Barua yako niliipata Ijumaa. Unasema Mjomba Zahoro amekuandikia kwamba nyumba yake ya wageni hapa Eastleigh imefungwa na watu wa afya, na kwamba kuna hasidi aliyemchongea. Unataka nimsaidie kumtafuta. Basi nisikilize kwanza, mimi niliyewapikia wapangaji wake miaka miwili.

Vyumba vya mbele vilikuwa na shuka nyeupe na madirisha. Nyuma kulikuwa na ghala lisilo na dirisha hata moja, walimolala wanawake kumi na wawili, na choo kimoja kilichofurika. Maji yao yalitoka kwenye tangi lisilo na kifuniko. Njiwa walioga humo. Nilimwambia Mjomba mara tatu. Akanijibu nishughulike na sufuria zangu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Nthambi, msichana wa Machakos aliyekuwa akilala humo, alishikwa na homa ya matumbo. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nimemshika kiunoni. Siku ya tano akafa. Kabla ndugu zake hawajafika kumchukua, godoro lake lilishapewa mpangaji mwingine, hata halikuanikwa juani.

Baada ya wiki tatu akaja afisa wa afya, Bwana Ndambuki. Alikagua vyumba vya mbele na jiko langu, akauliza mlango wa nyuma una nini. Mjomba akacheka, akasema ni stoo ya makaa. Kesho yake Bwana Ndambuki alirudi na wenzake wawili, wakaenda moja kwa moja hadi mlango ule, wakataka ufunguliwe. Nyumba ikafungwa mpaka tangi lifunikwe, vyoo vijengwe, na ghala lisilaze watu tena. Wale wanawake walitawanyika, na wengine walinung'unika, sikufichi.

Mjomba akamshuku Njogu, bawabu. Alimfukuza mbele ya mtaa mzima, akimwita msaliti.

Mama, hasidi ni mimi. Siku ile ya ukaguzi wa kwanza niliacha mchuzi motoni nikamkimbilia Bwana Ndambuki hadi First Avenue. Nilimwambia, "Si makaa, bwana. Ni watu kumi na wawili, na mwenzao ameshakufa." Aliniuliza jina, nikampa.

Jumamosi nilimwambia Mjomba hayo hayo, Njogu akisikia, maana nilimwita aje. Alinitupia nguo zangu uani, akasema nimevunja undugu. Nilimwambia Nthambi naye alikuwa na mama.

Sasa nakaa kwa rafiki yangu Waithera, tunauza mandazi. Bwana Ndambuki ameshatukagua. Alitaka tuongeze ndoo ya kunawia, nasi tumeongeza.

Utaniambia nikambusu mkono kaka yako. Jambo lolote lingine ningekutii, hilo sitalifanya. Kama kuna radhi ya kuombwa, aanze yeye kwa Njogu, kisha apande basi aende Machakos.

Nisalimie bibi na wadogo zangu wote, na uniombee dua, hata ukiwa umenikasirikia.

Wasalaam,
Mwanao, Muhiba