Karatasi Zote Zilitoka Kavu

Nyumba za Walimu,
Chumba Na. 3,
14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. Hujambo, na shemeji na watoto hawajambo? Mgongo umetulia, au bado unakaa kitini kama aliyekalia miiba? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anasema umemsahau, mwandikie.

Uliniuliza mbona niko kimya. Habari za mafuriko ulizisikia, lakini hukuzisikia kwangu.

Siku ile darasa langu lilikuwa kwenye mtihani wa majaribio wa jiografia. Nje watu walikuwa wanapiga kelele, nami nikafunga madirisha ili watoto wasisumbuliwe. Maji yalipopenya chini ya mlango, nikafanya lile tulilofundishwa wasimamizi: karatasi kwanza. Nilizikusanya safu kwa safu, nikazipandisha ghorofani. Watoto wakabaki wamekaa, wakisubiri ruhusa ya kutoka. Wana adabu, Kaka, na adabu hiyo niliwafundisha mimi.

Niliporudi maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Tuliwatoa wote isipokuwa mmoja, binti wa fundi seremala, yule mfupi aliyekaa mbele kabisa.

Karatasi hazikulowa hata moja. Swali la nne lilisema: Taja dalili tano za mafuriko. Alizitaja zote, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Tatu kati ya hizo zilikuwa nje ya dirisha nililolifunga.

Wewe uko kwenye kamati ya mitaala, na nasikia mnataka kuongeza sura moja kuhusu tabianchi. Msiongeze sura, tunazo tele. Wafundisheni watoto kutazama nje, kuogelea, na kuinuka bila ruhusa mwalimu anapokosea. Na muanze na sisi walimu. Majuto ni mjukuu, na wangu nampakata kila siku.

Jana fundi alikuja shuleni kutengeneza madawati yaliyovimba kwa maji. Akapigilia misumari, kisha akaniuliza, "Mwalimu, yule mtoto wangu alifaulu?"

Nikamwambia swali la mafuriko alipata tano kwa tano. Akaweka nyundo chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante kwa kumfundisha," akasema.

Leo nimeshindwa kuingia darasani.

Nisalimie shemeji na wanangu wote, hasa yule mbishi, na ubishi wake usiukemee. Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba