Tuzo ya Wendell na Mguu wa Desmond

S.L.P. 61,
Dunmore, Nebraska.
9 Desemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Royce,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Hujambo huko Guam? Lile bega limepoa, au bado linakunyima usingizi? Sisi wazima, ila moyo wangu umekosa utulivu.

Ni mpwa wako Wendell. Ulisikia kwamba mechi ya mwisho ya futiboli ya Kimarekani chuo chetu kilishinda. Hukusikia tulishindaje. Mkimbiaji wa wapinzani wetu, chuo cha Harlow, kijana aitwaye Desmond Tolliver, alikuwa anakaribia mstari, mpira kwapani. Wendell akamvaa, akamwangusha. Kihalali kabisa, waamuzi hawakuona kosa. Lakini mguu wa yule kijana ulivunjika.

Tangu hapo mwanangu hatulii. Anazunguka zizini, anafunga lango, analifungua tena. Nikimwita mezani anasema hana njaa.

Jumanne makocha wakatangaza timu bora ya ligi kwa msimu huu, ngao zitolewe Jumamosi ukumbini. Wendell yumo kikosi cha kwanza, beki. Desmond naye yumo, mkimbiaji. Shemeji yako Milo alipiga honi ya trekta mpaka ng'ombe wakatimka.

“Baba, acha! Wamenipa tuzo kwa ajili ya ule mguu.”

“Wamekupa kwa msimu mzima, we mtoto!”

Hakusikia. Alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa gari. Nikapanda naye, ningemwachaje kwenye barafu na moyo ule?

Hospitalini alisimama mlangoni na sahani yangu ya kolachi, vile vikeki vya jamu ya aprikoti, asijue aingie au arudi. Desmond, aliyekuwa ametoka kupasuliwa mara ya pili, akamtazama juu hadi chini.

“Ndiwe wewe? Ukivaa helmeti unaonekana mkubwa.”

“Nimekuja kuomba...”

“Kuomba nini? Ningekukwepa, leo ungelia wewe. Lete hizo keki.”

Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Daktari amemwambia hatacheza tena. Akageukia ukutani. “Jumamosi kanipokelee ngao yangu. Mama anaitaka.”

Wendell akasema watu wa Harlow watamzomea.

“Wakuzomee! Mimi nimevunjwa mguu, wewe unaogopa kelele?”

Basi jana alipanda jukwaani mara mbili. Mara ya kwanza makofi. Jina la Desmond lilipoitwa, mwanangu akainuka. Meza za Harlow zikaguna, na mtu akasema kwa sauti, “Hana haya!” Nikamshika Milo mkono asiinuke.

Wendell akapokea ngao, akasogea kwenye kipaza sauti. “Mchana kutwa nilimkimbiza. Nilimpata mara moja tu.” Akashuka.

Mama mmoja mfupi akamwendea katikati ya ukumbi. Bi Tolliver, mama yake Desmond. Aliichukua ngao, akaitia kwapani, akamwambia mbele ya watu wote, “Kesho anaanza magongo. Ni mzito, siwezi kumwinua peke yangu. Njoo saa mbili.”

Leo Wendell ameondoka kabla ya kanisa. Kama atacheza mwakani, hasemi, nami siulizi.

Msalimie mkeo Noreen, na umbusu Callie. Milo anakusalimu. Bwana awafunike hapo mlipo, atuonyeshe sote njia.

Dada yako akupendaye siku zote,
Darlene