Ng'ombe Wetu wa Ushirombo

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako mzima, na mpunga umeota vizuri. Mimi siinuki tena bila kushikwa mkono.

Unauliza kama naielewa kampuni yako, inayozipa bima kampuni za bima. Naielewa tangu miaka ya hamsini, jineri ya kuchambua pamba ilipoungua hapa Shinyanga. Wakala wa bima alikuja, nami nikamtafsiria. Wakulima walihofu kampuni yake itashindwa kulipa, pamba yao ikose pa kwenda.

"Hasara tunagawana na kampuni kubwa ya Ulaya," alisema.

Baba yangu akacheka. "Kumbe na ninyi ng'ombe wenu mmewaweka kwa watu!" Kwetu hakuna aliyefuga wote zizi moja, ugonjwa usije ukawamaliza. "Na hiyo kubwa mwenyewe nani?"

"Wenye hisa. Ni wengi, hata hawajuani."

Baba akaacha kucheka. "Sasa mwenzao akifiwa, nani anakwenda?"

Kampuni ililipa, jineri ikajengwa upya.

Kabla sijafa nikuambie nililomficha baba yako, asije akawauza: ng'ombe wetu wengine bado wako Ushirombo, kwa watoto wa Masanja, rafiki wa baba yangu. Usiende kuwachukua. Nenda ukawaamkie wenyeji, wakujue.

Babu yako