Nyumba Iliyo Nje ya Mkataba

Kolwezi, 3 Machi

Mama Ndaya, mwanangu,

Nakusalimu kwa heshima zote mbili, maana ukiitwa wewe, ameitwa pia mama yangu aliyekuachia jina. Mwili unasemaje? Goti langu limeanza tena uasi wake, lakini viungo vingine bado vinatii. Mama yako Josée ni mzima. Anauliza kama huko unapata unga wa bukari, ugali wetu, au wamekwisha kukuzoeza mkate.

Watu wa avenue yetu, mtaa mzima, wananiuliza kila wiki: "Tata Numbi, mutoto iko Ulaya?" Najibu ndiyo, kwa sababu kisiwa cha Reunion ni sehemu ya Ufaransa, na mshahara wako ni euro. Lakini mimi nimefundisha jiografia nusu ya maisha yangu na siwezi kudanganya ramani. Kutoka hapa kwenda kwako mtu anaelekea kusini-mashariki, baharini, mbali kuliko Madagaska. Wewe ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika Ulaya kwa kuipa Ulaya mgongo.

Na sisi tumepata kisiwa chetu, hapa ambapo hakuna bahari. Ukuta wa kampuni ya mgodi umepita nyuma ya shule, umezunguka soko la makaa, umegota kwenye reli. Upande uliobaki ni shimo lenyewe. Tunatoka kwa geti moja, na mlinzi anatuuliza tunakwenda wapi, kisha tukirudi anatuuliza tunatoka wapi.

Basi Tata Kabeya, yule karani mstaafu wa reli ambaye tumebishana tangu ukiwa shule ya msingi, ameunda Muungano. Ameuandikia na mkataba. Ibara ya kwanza: nyumba moja ikiguswa, zote zimeguswa. Nilisimama mkutanoni nikawaambia sijaona muungano duniani ambamo mkubwa hakumtafuna mdogo huku akisema anamlinda. Nikawatajia mifano mpaka mama mmoja akalala. Kabeya akaniuliza kwa upole, "Tata Numbi, unaingia ao hauingie?" Nikasema siingii.

Akachukua kalamu, akaandika kwamba mpaka wa Muungano ni mfereji wa maji machafu. Upande wa chini ya mfereji kuna nyumba moja tu, nayo ni yetu. Kwa hiyo sasa kisiwa chetu kina kisiwa chake.

Tata yako,
Numbi


Saint-Denis, Reunion, 16 Machi

Tata mpendwa,

Jambo sana. Ningekuwa hapo ningepiga goti kwanza, halafu ningekugombeza. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unalia kwa kuwanyanyua wazee. Mwambie Mama unga nauona, ila si ule wetu, haushiki vizuri.

Barua yako nilimsomea mzee mmoja ninayemwogesha hapa nyumba ya wazee. Alikuwa mwanajeshi. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia hata sisi huku tuko chini ya mfereji. Sikuelewa. Akanieleza kwamba Ufaransa imo katika NATO, lakini mkataba wao unalinda visiwa vilivyo kaskazini ya Tropiki ya Kansa tu. Mtu akishambulia Paris, wote wameguswa. Akishambulia Saint-Denis hii yetu, mkataba unasema poleni. Na kuna Aisilandi, kisiwa cha barafu kisicho na jeshi lolote, nacho kimo ndani tangu siku ya kwanza. Asiye na bunduki amekaa kitini, na sisi wenye kambi ya jeshi tumesimama mlangoni.

Sasa Tata, baba na mwana wote nje ya mkataba, ni aibu. Mimi siwezi kusogeza kisiwa. Wewe unaweza kuvuka mfereji. Nenda kwa Tata Kabeya. Kama mdomo unakataa, mtume Mama atangulie, wewe ufuate ukijifanya umepita tu.

Mwana wako,
Ndaya


Kolwezi, 9 Aprili

Mama Ndaya,

Natumaini mgongo umepoa. Hapa mvua zinakaribia kuisha na sote tunapumua.

Nimecheka na mzee wako. Mpe salamu zangu, umwambie Aisilandi niliifundisha kila mwaka na hakuna mwanafunzi aliyeniamini.

Lakini nisikufiche. Wiki iliyopita vijana wa kampuni walipita na rangi, wakachora msalaba mwekundu, alama ya kubomoa ili ukuta wao upite, kwenye ukuta wetu wa mbele. Nyumba za juu hawakuzigusa, kwa sababu Kabeya amekwisha kupeleka shauri lao mahakamani, kwa jina la Muungano. Yetu haimo. Kampuni imeusoma mkataba wake vizuri kuliko mimi. Nilikwenda ofisi tatu. Kila ofisi ina benchi, na kila benchi lina watu waliokuja kabla yangu.

Kwa Kabeya siendi. Nilisema siingii mbele ya avenue nzima, na sasa nibishe hodi niseme nilikuwa natania? Na kwa nini anisaidie? Wewe ulikuwa hujazaliwa watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Mimi nilikuwa mwanafunzi Lubudi, nikiyaona mabehewa yakipita, watu mpaka juu ya paa. Kabeya alikuwa ndani ya treni mojawapo, na mkewe na watoto. Akarudi baadaye, akajenga upya, tofali kwa tofali. Mtu kama huyo anajua thamani ya jirani wa Katanga kama mimi.

Mama yako ameanza kufunga sahani kwenye magazeti. Nikiingia jikoni anajifanya anafagia.

Usilie. Nakuandikia ili ujue, si ili ulie.

Tata yako


Saint-Denis, 22 Aprili

Tata,

Sijui naandika kwa nani. Nimepiga simu yako asubuhi, amepokea Mama Mignonne wa jirani. Nyuma yake watu wanalia, nasikia sauti ya Mama. Nikauliza, Mama Mignonne, kuna nini? Akasema, "Mwanangu, Tata ameenda. Tuko mu kilio." Kisha simu ikazimika, na tangu hapo hailii.

Ulinifundisha kwamba barua haianzi bila kuuliza afya ya mtu. Leo sina cha kuuliza.

Tikiti ya ndege ya karibu ni ya wiki ijayo. Sitakuta mwili. Nilikwambia uvuke mfereji, na sikukwambia kwamba hata ungebaki chini yake peke yako, mimi ningekuwa upande wako. Nilitaka ulijue hilo ukiwa hai.

Mwana wako


Kolwezi, 24 Aprili

Mama Ndaya, mama yangu,

Mimi ni mzima. Soma tena hapo, halafu kaa chini. Goti linauma, kwa hiyo ni mimi kweli.

Simu nimerudishiwa jioni hii na barua yako ndiyo niliyoikuta ndani yake. Nimeisoma nimesimama, kisha mama yako ameniketisha. Nilidhani yeye amekwambia ukweli, yeye alidhani Mignonne amekwambia, na Mignonne alikuwa na simu yangu ndani ya kitenge chake, imezimwa, maana maiti hapokei simu. Tusamehe sote.

Ilikuwa hivi. Siku ya 22, alfajiri, tulisikia buldoza. Mama yako alitoka na sahani zake, mimi nikatoka na vitabu, na tulikuwa tumesimama uani kama watu waliosahau wanachotafuta. Kabla buldoza haijafika getini kwetu, nikamwona Kabeya anavuka mfereji. Amebeba turubai begani. Nyuma yake avenue nzima: viti vya plastiki, mikeka, mbabula za makaa zenye moto tayari, sufuria za kilio. Akaniambia, "Tata Numbi, ingia mu chumba, ulale. Umekufa."

Nikamuuliza kwa ibara gani. Akasema, "Maiti habishane."

Wewe unajua kilio cha msiba kinavyoheshimiwa kwetu. Magari yanapunguza mwendo, redio zinazimwa, hata polisi anayedai kitu anarudi kesho. Dereva wa buldoza, kijana anayeitwa Elisée, mtu wa Fungurume, alifika akakuta turubai imefungwa kutoka paa letu mpaka kwenye mpapai, akina mama wamejaa mikekani, Mignonne anaongoza kilio kwa sauti inayosikika mpaka shimoni. Akazima injini. Akavua kofia yake ngumu. Akauliza kwa heshima nani aliyefariki. Ndipo wewe ulipopiga simu, Elisée na bwana wa kampuni wamesimama hatua mbili kutoka kwa Mignonne. Angekwambia nini?

Bwana wa kampuni alipiga kelele. Elisée akamjibu, "Patron, mi sipite juu ya kilio. Mama yangu atanilaani." Akakaa kwenye kiti, akapewa chai.

Nililala chini ya shuka siku mbili mchana, nikisikia ninavyosifiwa. Nimegundua kwamba nilikuwa mtu mwenye subira. Mhubiri wa Kiprotestanti na katekista wa Kikatoliki waligombana nani aniombee kwanza, na mimi siwezi kuwaamua. Usiku waliniletea bukari kwa dirisha.

Huku mimi nikiwa maiti, Kabeya alikuwa mahakamani akiiongeza nyumba yetu kwenye shauri. Leo mchana karatasi imetoka: buldoza isiguse kitu upande wowote wa mfereji mpaka kesi isikilizwe. Nikafufuka. Elisée alikuwa amerudi kutoa pole. Aliponiona mlangoni alimwaga chai yake yote, halafu akacheka kuliko sisi sote. Aliniambia alikwisha kuona hakuna jeneza tangu siku ya kwanza.

Nilimfuata Kabeya kando, nikamuuliza kwa nini, nami si mtu wa Muungano wake. Nakuandikia alivyosema, bila kusahihisha:

"Mi nilikalaka ku gare ya treni na bibi na batoto, nangojea mutu moya tu akuye aseme: huyu iko jirani yangu, acheni ye. Hata moya hakukuya. Ile siku nilijua vile inaumaka. Sasa we utatoka mu nyumba yako, mi naangalia? Hapana."

Mwanangu, nina maneno mengi, unanijua. Lakini hapo nilimshika mkono tu, na niliushika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kati ya wanaume wanaobishana.

Tata yako, mzima kabisa,
Numbi


Saint-Denis, 27 Aprili

Tata,

Mwili unasemaje, wewe uliyetoka kaburini bila kuingia? Nimekukasirikia siku nzima, na siku nzima nimekuwa nikicheka kwenye basi peke yangu.

Sasa nikueleze kilio chako cha pili, maana ulikuwa nacho na huku. Nilipopata habari nilikuwa kazini, nikaketi sakafuni kwenye korido. Jioni nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa Fara, mfanyakazi mwenzangu wa Madagaska, na chungu cha wali. Baada yake Zaïnaba wa Komoro, na mikeka, kwa sababu nilimwambia zamani kwamba kwetu tunakaa chini. Baada yake Marie-Ange wa Morisi, na mshumaa. Jirani yangu mzaliwa wa hapa akafungua milango ya nyumba yake ili watu wapate nafasi.

Tata, wewe unaijua ramani. Komoro inaidai Mayotte kwa Ufaransa. Madagaska inadai visiwa vidogo pembeni yake. Morisi inadai Tromelin, kipande cha mchanga chenye kasa na ndege, ambapo hakuna mtu anayeishi. Serikali zao haziwezi kukaa meza moja bila ramani kupasuka. Na wao walikaa jikoni kwangu wanagombea nani aoshe vyombo. Zaïnaba alisema, "Mayotte chukueni kwa leo, nipeni sponji." Nilicheka katikati ya machozi, nikaona haya, wakaniambia nicheke tu.

Walilala hapa zamu kwa zamu. Hawakuwahi kukuona.

Barua yako ilipofika nilikuwa nao. Nikawasomea. Nikaogopa wataona nimewachezea. Fara akasema, "Kwa hiyo yuko hai?" Nikasema ndiyo. Akafunua chungu akasema basi tule vizuri leo, jana hatukuwa na hamu. Sijui nitawashukuru vipi.

Mwana wako,
Ndaya


Kolwezi, 19 Mei

Mama Ndaya, pamoja na Fara, Zaïnaba, Marie-Ange na jirani mwenye milango,

Nawaamkia nyote kwa majina, na ninauliza afya ya kila mmoja na ya watu wake. Mwanangu awatafsirie polepole.

Kesi imesikilizwa. Kampuni imekubali ukuta upite nyuma ya nyumba yetu, na wafungue njia ya pili kuelekea barabarani, mlango usio na mlinzi. Imeandikwa na kupigwa muhuri. Najua muhuri si mlima, na Kabeya anasema tuendelee kufungua macho. Kwa mara ya kwanza nimekubaliana naye, na jambo hilo limemtia wasiwasi.

Mama Josée amerudisha sahani kabatini.

Maisha yangu yote nimewaambia watoto darasani kwamba miungano ni biashara ya wenye nguvu. Kuhusu wenye nguvu sibadili neno, na atakayenipinga aje. Lakini wapo watu wanaokuja na turubai kabla hujawaita, na wengine wanaokuja na wali kwa ajili ya baba wa mtu wasiyemjua wa nchi wasiyoijua. Hao sikuwahi kuwafundisha. Nimekosesha vizazi vingi vya wanafunzi sura nzima.

Mmekaa na mtoto wangu nilipokuwa mbali naye. Asanteni, mama zangu. Jumapili hii wanawake wa avenue yetu wanapika hapa uani kwa ajili yenu, na kila sahani itatajiwa jina la mmoja wenu kabla haijaliwa. Kabeya atakula ya Zaïnaba. Mimi nimeomba ya Fara.

Tata yenu,
Numbi